Hofu ya Msikilizaji

Kiraka cha Ambilikile kiliisha siku ya nne. Kilitakiwa kumfikisha siku ya kumi.

Nilikibandua mkononi mwake, nikakiweka juu ya mashine ya kusomea, na mashine ikanipa majibu yale yale ya wiki iliyopita: dawa yote imetumika, ngozi haina tatizo, mgonjwa ametulia. Nikamtazama mgonjwa aliyetulia. Alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati yetu pale mdomoni mwa handaki, mkono wa shati ameukunja hadi begani, anakula ndizi ya kuchoma. Mtu wa miaka hamsini na moja, kifua kipana, sharubu zimeanza mvi.

"Baba Tusa, hiki kiraka unakitumia mwenyewe au unakigawa?" nilimtania.

"Nimgawie nani, Sista? Kila mtu humu ana cha kwake."

Hilo lilikuwa kweli. Huu ni mwaka wa nane tangu ipitishwe Sheria ya Utulivu Kazini, na mtu asiye na kiraka haingii handakini, haendeshi treni, wala hafundishi watoto. Kiraka chenyewe ni kitu kidogo, ukubwa wa kitambulisho. Kinapima jasho na mapigo ya moyo, na mwili ukianza kuhangaika kinapenyeza dawa kidogo kidogo kupitia ngozi. Dawa hiyo ni bangi. Wakubwa wanapenda kuiita tibamajani, lakini bibi yangu, aliyezaliwa enzi ambazo watu walifungwa kwa ajili yake, aliiita bangi mpaka anaingia kaburini, na mimi namfuata bibi. Ina viini viwili. Kinachotuliza kimewekwa kingi, kinacholevya kimewekwa kidogo mno, kiasi kwamba mtu hacheki ovyo wala haoni visivyokuwepo. Wasiwasi tu ndio unaoondoka.

Na sitaki mtu asome haya kisha aseme mimi, Subilaga, naipinga dawa. Nimemwona Ambilikile kabla, nimemwona baada. Kabla, hakuwa analala. Miaka tisa iliyopita, kwenye handaki jingine, paa liliwaangukia wenzake sita yeye akiwa hatua kumi nyuma yao. Alitoka na vumbi kichwani na mikono inayotetemeka, na mikono hiyo haikuacha kutetemeka mpaka alipoajiriwa hapa nami nikambandika kiraka cha kwanza, miezi saba kabla ya siku hii ninayoisimulia. Wiki mbili baadaye mkewe, Sekela, alinijia na kuku hai kwapani. Alisema mume wake amelala hadi kumekucha, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Kuku nilimla. Kwenye fomu niliandika: anaendelea vizuri.

Sasa mashine ilikuwa inauliza kama nimpandishe kutoka daraja la tatu hadi la nne. Nikabonyeza ndiyo, nikambandika kipya.

"Asante, mwanangu," alisema. Akauchukua mtaimbo wake nyuma ya mlango, akaenda kazini.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza.

*

Handaki letu linapita chini ya mlima, huku Rungwe, kuufuata mvuke wa moto wa kuendeshea mitambo ya umeme. Mwamba wa volkano si wa kuamini. Injinia Kihwele, mkuu wa mradi, alikuwa amepachika humo vyombo mia mbili na kumi na viwili, kila kimoja ukubwa wa kidole, vinavyosikia mwamba ukisogea. Tunaviita masikio. Lakini wachimbaji wana desturi yao ya tangu handaki la kwanza, na hakuna injinia aliyeweza kuwatoa. Zamu haiingii mpaka msikilizaji atangulie peke yake. Anagonga paa kwa mtaimbo, hatua kwa hatua, anategea sikio. Akirudi akasema "Limelala," zamu nzima inajibu "Lilale," wanaingia.

Mambo yakiwa mabaya hasemi neno, maana kwao paa halisemwi vibaya mtu akiwa chini yake. Anavua helmeti, anaiweka chini mdomo ukitazama juu, imekaa kama bakuli. Watu wanaondoka bila kuuliza.

Miezi saba mfululizo Ambilikile alikuwa amesema limelala.

Siku hiyo hiyo alikuja Lugano, mwendesha mashine ya kuchoronga. Kiraka chake nacho kilikuwa kimekwisha siku ya sita. Kesho yake wakaja watatu. Kufika Ijumaa nilikuwa nimebandua viraka vingine kumi na kimoja vilivyokauka kabla ya siku zake, na mawazo yangu ya kwanza, niseme ukweli, yalikuwa kwamba wananifanya mjinga. Nilidhani wanavibandua wakauze kilichomo kule mjini. Nikamwita Lugano, nikamweka kitimoto.

"Sista, nikikiuza, nikiwa kule ndani nitashika nini?" aliniuliza. Hakukasirika. Siku hizi hakuna anayekasirika.

Basi nikafungua kumbukumbu zilizomo ndani ya viraka. Kisheria kumbukumbu hizo tunaziona wauguzi peke yetu; kampuni inaonyeshwa rangi tu, kijani au nyekundu. Nikazipanga kwa saa na mahali. Watu kumi na wawili, Ambilikile akiwemo, miili yao ilikuwa inapatwa na hofu kila siku kuanzia saa tatu asubuhi, saa ambayo mvuke hufunguliwa kwa majaribio, na wote mahali pamoja, kuanzia mita mia tisa kwenda ndani. Moyo unakimbia, jasho linatoka, kiraka kinamwaga dawa, moyo unatulia. Baada ya dakika chache, tena. Waliogopa asubuhi nzima, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anaogopa. Wa Ambilikile ulikuwa mwili ulioogopa kuliko yote.

Nikajiambia, ajabu hii. Nikazima mashine, nikaenda kula chakula cha mchana. Wali na maharage. Nilikula nikamaliza.

*

Nilikaa na jambo hilo siku tisa kabla ya kwenda kwa Injinia Kihwele, na nilikwenda kwa sababu tu fomu ya mwisho wa mwezi ilitaka sahihi yake. Ni mtu mstaarabu. Alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Masikio yangu yote yanaonyesha kijani, Sista."

"Yanasikia vizuri?"

"Tuliyapunguza usikivu mwezi wa tatu. Yalikuwa yanalia ovyo. Lori likipita, yanalia. Watu wanatoka, wanarudi, kazi haiendi. Tangu tuyapunguze tumepumua."

"Watu kumi na wawili wanaogopa mahali pamoja, Injinia."

"Nipe majina, tuwahoji."

"Majina siwezi kutoa. Unaijua sheria."

"Basi unaniomba nifunge handaki kwa sababu ya jasho la watu wasio na majina." Aliyasema hayo kwa upole kabisa, bila dharau. "Wana wasiwasi. Waongezee dawa. Si ndiyo kazi yako?"

Angekuwa mtu mbaya ningepata nafuu. Lakini hakuwa na ubaya wowote, na hoja yake niliiona ina mantiki. Nikamshukuru kwa chai, nikatoka nimeridhika. Nilipofika kwenye ngazi za ofisi yake nikajikuna mkono, na kidole changu kikagusa ukingo wa kiraka changu.

Nilisimama pale. Nilikuwa nimevaa daraja la pili kwa miaka sita. Takwimu za watu kumi na wawili zilikuwa mikononi mwangu kwa siku tisa, na kilichonijia kilikuwa udadisi tu, kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine. Kule ndani tulikuwa tumezungumza watu wawili ambao hofu yetu ilikuwa inameng'enywa kabla haijafika kichwani.

Nikakibandua hapo hapo, nikakitia mfukoni.

Hofu ilinifikia siku ya pili yake, nikiwa jikoni namenya viazi. Ilikuja yote kwa pamoja, ya siku zote zile. Nikakaa sakafuni na kisu mkononi, nikayaona yale maandishi yangu: anaendelea vizuri. Kampuni ilikuwa imemwajiri mtu mmoja awe na wasiwasi kwa niaba ya wengine thelathini na mmoja. Mimi nikaja na mashine yangu, nikaukuta wasiwasi wake, nikauita ugonjwa, nikautibu hadi daraja la nne.

Nililia kidogo. Halafu nikainuka, nikamaliza viazi, kwa sababu nilishajua pa kwenda.

*

Jumamosi mchana nilimkuta Ambilikile nyumbani kwake, yuko juu ya banda la kuku anapigilia bati. Sekela alikuwa uani anapukuchua maharage. Alinikaribisha kigoda kwa furaha, akaanza kuniuliza habari za yule kuku wa siku zile kama alikuwa na nyama.

"Shikamoo, Baba Tusa. Shuka, nina maneno."

Alishuka. Nikawaambia wote wawili, bila kuzunguka. Niliwaeleza saa, mahali na siku ya nne. Ambilikile alisikiliza huku anafuta mikono kwenye suruali.

"Na vya wenzangu vinaisha siku ya ngapi?"

"Ya sita, ya saba."

"Lugano?"

"Sikwambii."

Aliitikia kwa kichwa. Kuku walikuwa wanaparua kwenye maganda ya maharage.

"Kwa hiyo nasikia," alisema mwishowe. "Ila sijui kama nasikia." Akayatazama yale mabati yake. "Miezi saba nimewaambia watu limelala. Mimi nilidhani mlima umekuwa mzuri."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Hayo sikuwa nimejiandaa nayo.

"Nakuomba uogope tena, Baba Tusa," nikasema. "Zamu iko mapumzikoni hadi Jumatano; siku tatu bila dawa, halafu uingie ukagonge. Sikulazimishi. Ukikataa, sitakuandika popote, na dawa yako utaendelea kupata."

"Hapana," alisema Sekela.

Hakupaza sauti. Aliweka ungo chini.

"Dada yangu, miaka minane nimelala na mtu anayeita majina ya maiti. Tusa alikuwa anaogopa kumsogelea baba yake. Wewe ndiye uliyemrudisha humu ndani. Leo unakuja kumchukua?"

"Ndiyo, Mama Tusa. Nimekuja kumchukua."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Nitoe majina ya watu wote. Zahanati itafungwa, wakubwa watakaa vikao, vikao vitachukua wiki sita, na muda wote huo zamu itaendelea kuingia."

"Wiki sita," alisema Ambilikile, akacheka kidogo puani. Akaenda kuchuchumaa mbele ya mke wake, akamshika magoti. Walizungumza Kinyakyusa kwa sauti ya chini, na ingawa ni lugha yangu niligeuka nikatazama migomba, maana hayakuwa yangu.

Sekela ndiye aliyeniita.

"Atatetemekea hapa hapa, mbele yangu. Si kwenye zahanati yako. Na akishagonga, utamrudishia. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Uniapie."

"Naapa."

Ambilikile akakunja mkono wa shati, akakibandua mwenyewe.

*

Siku ya kwanza alimaliza banda la kuku. Siku ya pili mikono ilianza. Siku ya tatu hakula. Alikaa kwenye pembe ya chumba, mgongo ukutani, anatazama dari. Sekela alikuwa amekaa naye sakafuni, amemshika kiganja, anaendelea kupukuchua maharage kwa mkono mmoja.

Nilikwenda asubuhi na jioni kumpima moyo. Kuna watu wanaodhani muuguzi akiamua jambo basi moyo wake umekuwa jiwe. Mara mbili nilikuwa na kiraka kipya mkononi, nimeshakifungua, na mara zote mbili aliniona.

"Bado, Sista," alisema. Meno yalikuwa yanagongana.

Nikakirudisha kwenye pakiti. 

*

Jumatano saa moja kasoro asubuhi nilimbandika Ambilikile kiraka kisicho na dawa ndani. Lango la handaki halifunguki bila rangi ya kijani, kwa hiyo niliingia kwenye mashine nikaandika kijani kwa mkono wangu. Huo ulikuwa uongo, na ninauita kwa jina lake.

Zamu nzima, watu thelathini na mmoja, walikuwa wamekaa kwenye magogo wakinywa uji. Ambilikile aliwapita bila salamu, mtaimbo ukitikisika mkononi, akaingia. Nikakaa pamoja nao.

Kwa kawaida kugonga kunachukua dakika ishirini. Sauti inatoka ndani hafifu, ti, ti, ti, kisha inapotea, kisha mtu anarudi. Dakika ishirini zilipita. Zikafika thelathini. Sauti ilikuwa inarudi pale pale, inagonga, inatulia, inagonga tena. Halafu ikakoma. Nilisikia damu ikipiga masikioni mwangu, nikajua hakuna mwingine pale anayesikia hivyo.

Alitoka karibu saa mbili. Uso ulikuwa umelowa. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, kama anayewahesabu. Kisha akavua helmeti, akainama, akaiweka chini kama bakuli. Ilimchukua mara mbili kuiweka, kwa jinsi mikono ilivyokuwa inamchezea.

Hakuna aliyeinuka.

Hilo sikulitegemea. Tangu handaki la kwanza watu wameiona helmeti iliyogeuzwa wakakimbia, na hawa waliitazama kwa utulivu, vikombe vya uji mikononi.

"Labda Mzee hajisikii vizuri," alisema mmoja.

Injinia Kihwele alikuwa amefika. Mtu wa lango alimpigia kwamba zamu imechelewa. Akatazama kioo chake. "Masikio yote kijani," alisema. Kisha akaiona mikono ya Ambilikile. "Sista, huyu mtu ni mgonjwa. Mtoe, umwongezee dawa. Zamu iingie."

"Si mgonjwa," nikasema. "Yuko kazini."

"Anatetemeka."

"Ndiyo. Nimemvua dawa siku tatu ili atetemeke. Rangi ya kijani unayoiona nimeiandika mimi. Utanishtaki kesho, leo nisikilize."

Alinisikiliza, maana kukasirika hakuwezi. Lakini nilimwona anavyonitazama, na nilijua nikitamka jina moja tu la mtu nitakuwa nimevunja kiapo cha kutunza siri za watu kumi na wawili, na nisipotamka, watu thelathini na mmoja wataingia humo. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nikawageukia wale waliokaa kwenye magogo.

"Mimi sitaji mtu," nikawaambia. "Siri za miili yenu ziko kwangu na zitabaki kwangu. Lakini kila mmoja anajua kiraka chake kiliisha siku ya ngapi. Kama kilikauka kabla ya siku ya kumi, maana yake mwili wako unaogopa kule ndani, na wewe huambiwi. Anayejijua anyooshe mkono. Asiyetaka, asinyooshe."

Wakatazamana. Lugano akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono. Halafu wawili nyuma yake. Wakafika kumi na mmoja, na mikono ikazidi kupanda, ya watu ambao hawakuwa wamefika kwangu bado, waliokuwa wanavumilia na viraka vikavu wakidhani ni vibovu. Nilihesabu ishirini na sita. Nyuso zao zilikuwa shwari kabisa, kama watu wanaopiga kura ya kuchagua kiranja.

"Aa," alisema Lugano, taratibu, akiwatazama wenzake. Akavua helmeti yake. Akaenda akaiweka karibu na ya Ambilikile, imegeuka. Wakamfuata mmoja mmoja, bila haraka, mpaka ardhi pale mlangoni ikajaa helmeti zilizokaa kama bakuli.

Injinia Kihwele alisimama mbele ya helmeti hizo. Kisha akakunja mkono wa shati lake jeupe, akakitazama kiraka chake.

"Changu siku ya saba," alisema. "Huwa naingia saa nne kukagua." Akaushusha mkono wa shati. "Ondoeni watu wote. Hata wa langoni."

Tulirudi nyuma hadi kwenye ofisi. Saa tatu mvuke ulijifungua wenyewe kama ulivyopangwa. Saa tatu na dakika arobaini ardhi ilitupiga nyayo, kisha ikaja sauti, kisha mdomo wa handaki ukatema vumbi la kijivu ambalo halikuisha mpaka saa sita. Baadaye walipima wakasema mita themanini za paa zimekaa chini, kuanzia mita mia tisa na nne.

Watu thelathini na mmoja walisimama wakilitazama vumbi kama wanaotazama mvua. Ambilikile alikuwa ameanguka magotini, anaita majina sita. Nikaenda nikapiga magoti pembeni yake, nikamkumbatia. Mimi na yeye ndio pekee tuliolia.

*

Kamati ya Utulivu ilinisimamisha kazi kuanzia Ijumaa. Alhamisi kwa hiyo bado nilikuwa muuguzi, na nilikuwa na kiapo.

Nilimkuta Ambilikile kitandani, macho wazi. Sekela alikuwa ameshamkunja mkono wa shati. Nikafungua pakiti.

"Daraja la nne?" niliuliza.

"La pili," alisema. "Linanitosha kulala. Na likinizidi, Sekela ataniona." Alisubiri nimalize kubandika. "Nimezungumza na Lugano, na mwenzake mmoja. Kuanzia sasa wasikilizaji wawe wanne. Wiki moja mtu anavua, anagonga, anaogopa. Wiki tatu anavaa, analala. Injinia amekubali, na masikio yake ameyarudisha yalivyokuwa. Tatizo ni moja. Tuko watatu, wa nne hatujampata. Kila tunayemuuliza anasema haoni tatizo, na ukisikia mtu anasema haoni tatizo, huyo hafai."

Sekela alikuwa ananitazama mkono, pale ambapo mraba wa ngozi ulikuwa bado mweupe.

"Dada huyu hana kiraka," alisema.

Nikasema sijui kugonga. Ambilikile akasema kugonga kunafundishika, kile kingine ndicho hakifundishiki. Macho yalikuwa yameanza kumlemea. Sekela akamfunika, akanisindikiza hadi nje, na mlangoni akanishika mkono.

Fomu ya Kamati ilikuwa na maswali kumi na manne. La kumi na tatu liliuliza kama nilifahamu kwamba kumvua mgonjwa dawa kungemrudishia mateso. Nikaandika ndiyo. La kumi na nne liliuliza kama ningefanya tena.

Nikaandika: Ningefanya siku tisa mapema.

Nikafunga bahasha, nikaenda nyuma ya mlango wa zahanati, nikachukua mtaimbo. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.